Mtoto Kalegea, Mama Alimeza Nini?

Kwenye kaunta za famasi hapa Mombasa kuna swali kuhusu tembe za usingizi ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, na kila anayelileta ana njia yake. Huyu ataulizia "za mamangu mzee, hapati usingizi". Yule ataleta bahasha ya kaki iliyoandikwa 1 x 1 usiku, bila jina la dawa, akitaka ijazwe tena. Mwingine atangoja wateja watoke kisha aseme: nina mimba ya miezi miwili, nilikuwa nikimeza hizi, mtoto atatoka na kilema? Sisi tunaouza dawa, na wenzetu wanaozalisha, tumelisikia swali hili miaka mingi. Tulichojifunza ni kuwa hofu ya watu iko mwanzoni mwa mimba, ilhali mtoto tunayehangaika naye wodini ni wa tembe za mwishoni.

Hofu ya kilema ina asili yake. Mwaka 1957 kampuni ya Chemie Grünenthal ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza Contergan, dawa ya usingizi yenye thalidomaidi, ikisifiwa kuwa ni salama hata kwa mjamzito. Ilipoondolewa sokoni Novemba 1961 madhara yalikuwa yamekwisha kuenea: zaidi ya watoto 10,000 katika nchi nyingi, wengi wao wakiwa na mikono au miguu iliyokatika ukuaji. Hatari yake ilikaa kati ya siku ya 20 na ya 36 baada ya mimba kutunga, na ndani ya siku hizo hata tembe moja iliweza kuharibu. Marekani iliponea kwa kiasi kikubwa kwa sababu Frances Kelsey, aliyekuwa akikagua maombi ya dawa pale FDA, mamlaka ya dawa ya huko, alikataa kuipitisha. Dawa za usingizi zilizoko leo kwenye makabati yetu zina tabia nyingine, na anayezipima kwa kisa cha thalidomaidi atachunga mlango ambao mwizi hapiti.

Tuanze na jina, kwa sababu bila jina hakuna ushauri. Igeuze pakiti utafute maandishi madogo chini ya jina la kampuni. Jina la dawa likiishia kwa "pam" au "lam", hizo ni za ukoo mmoja: diazepamu (ambayo watu huiita Valium hata isipokuwa Valium), lorazepamu, klonazepamu, bromazepamu, alprazolamu. Fenobabitoni ni ukoo mwingine, wa zamani, na huku kwetu bado inatumika sana kwa kifafa kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kuna zolpidemu na zopikloni. Na kuna zile ambazo si za usingizi hasa ila humlaza mtu, kama vile Piriton, Phenergan na amitriptilini.

Nambari iliyoandikwa kwenye tembe hudanganya. Nusu miligramu ya klonazepamu au ya alprazolamu inakaribiana kwa nguvu na miligramu 10 za diazepamu. Lorazepamu, miligramu 1 yatosha kufikia hapo. Kwa hiyo anayesema "mimi nameza kitembe cha nusu tu" huenda kila usiku anameza sawa na tembe mbili za diazepamu za 5. Ndiyo maana tunauliza mambo manne kabla ya kusema lolote: dawa gani, miligramu ngapi kwa siku, tangu lini, na mimba ina wiki ngapi ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.

Aliyemeza tembe chache kabla hajajua ana mimba huwa ndiye mwenye kulia zaidi, na ndiye mwenye sababu ndogo zaidi ya kulia. Viungo vya mtoto huumbika hasa kati ya wiki ya 5 na ya 10, na kaakaa humaliza kufunga karibu na wiki ya 12. Tafiti za miaka ya 1970 zilihusisha diazepamu na mdomo au kaakaa kupasuka. Zilizofuata, zilizo kubwa zaidi, ama hazikuuona uhusiano huo ama ziliuona mdogo mno. Mpasuko wa aina hiyo humpata takriban mtoto 1 kati ya 700 hata kama mama hajameza kitu. Mimba kuharibika kumeonekana kuwa kwingi kidogo kwa watumiaji wa dawa za "pam", lakini hapo ni vigumu kutenga kazi ya dawa na kazi ya maradhi yaliyomfanya mtu aimeze. Tunachomwambia ni kwamba asitoe mimba kwa sababu hiyo, asimeze nyingine kabla ya kuonwa, na apige skani kati ya wiki ya 18 na ya 22, amtajie anayempima jina la dawa ili atazame vizuri mdomo na moyo wa mtoto.

Fenobabitoni ina hesabu yake. Hiyo kweli huongeza kasoro za moyo na za kaakaa, na kipimo kikipanda hatari hupanda nayo. Hata hivyo mwenye kifafa asiikatize mwenyewe hata siku moja, kwa sababu kuanguka na kifafa kwenye ngazi au jikoni kunaweza kuwaua yeye na mtoto pamoja. Aende kliniki, ikiwezekana kabla ya kushika mimba, daktari aangalie kama kuna dawa ya kubadilisha, na aandikiwe foliki asidi ya miligramu 5 kwa siku badala ya ile ndogo ya kawaida. Mtoto akizaliwa achomwe vitamini K miligramu 1 bila kukosa, kwa maana fenobabitoni humpunguzia viambato vya kugandisha damu. Kila mtoto hustahili sindano hiyo, ila huyu akiikosa anaweza kuvuja damu ndani siku ya kwanza tu.

Sasa tuje kwenye miezi ya mwisho.

Diazepamu hupita kondo la nyuma kwa dakika chache. Haisubiri na wala haichujwi. Huingia kwenye mafuta ya mwili wa mtoto ikakaa, na wakati wa kuzaliwa damu ya kitovu huweza kuwa na dawa nyingi kuliko damu ya mama mwenyewe. Mtu mzima huchukua siku moja hadi nne kupunguza nusu ya diazepamu aliyomeza, na ini linapoivunja hutoa kitu kingine chenye nguvu ileile kinachokaa muda mrefu zaidi. Ini la mtoto mchanga halijajua kazi hiyo, la mtoto njiti ndiyo kabisa. Akiwa tumboni mama humsaidia kuisafisha. Kitovu kikikatwa, amebaki peke yake na mzigo wote.

Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1973 ulitoa kipimo ambacho wakunga wangali wanakikumbuka: mama akipewa zaidi ya miligramu 30 za diazepamu ndani ya saa 15 kabla ya kujifungua, mtoto hutoka na alama za chini za Apgar (zile anazopewa mtoto kwa hali yake mara tu anapozaliwa), husahau kupumua, hupoteza joto na hukataa kunyonya. Chini ya hapo madhara yalikuwa madogo. Zingatia kwamba hesabu hiyo ni ya dawa ya siku moja. Anayemeza kila usiku kwa miezi amejijazia ghala, na miligramu 5 za usiku wa uchungu zinawekwa juu ya zilizopo.

Mtoto mwenyewe humtambua ukimwinua. Kichwa na mikono vinaning'inia kama nguo iliyoloa. Kilio chake ni dhaifu au hakipo, miguu imelegea wazi kama ya chura, wakati mtoto mwenye afya huikunja. Ukimweka titini anakamata, ananyonya mara mbili tatu, analala, maziwa yanamtiririka kando ya mdomo. Kabla hajazaliwa, mashine ya mapigo ya moyo huonyesha mstari uliotulia kupita kiasi, na mkunga asiyejua habari ya tembe huweza kudhani mtoto amechoka tumboni, akamkimbiza mama kwenye upasuaji ambao pengine haukuhitajika.

Kazi ya kwanza ni pumzi, kwa mfuko na barakoa, ndani ya dakika ya kwanza ikiwa hapumui. Ipo dawa ya kupinga diazepamu, flumazenili, ila kwa mtoto mchanga haitumiki kiholela maana yaweza kumletea mitukutiko, yaani degedege. Kazi ya pili ni joto, na hapa Mombasa inatukosesha. Watu husema mji huu hauna baridi, chumba kina joto la kumtoa mtu jasho, feni imewashwa juu kwa ajili ya mama, na kichanga kimefunikwa leso moja yenye unyevu. Diazepamu humwondolea mtoto uwezo wa kujitengenezea joto. Apimwe, asikae chini ya nyuzi 36.5, akaushwe, alazwe kifua kwa kifua na mamake, kofia kichwani, leso kavu juu, na feni igeuzwe upande.

Kazi ya tatu ni chakula. Asiyeweza kunyonya asilazimishwe titi wala chupa, atapaliwa. Mama akamue, mtoto apewe kwa kikombe kama anameza, kwa mpira wa puani kama hamezi. Siku ya kwanza ni mililita 60 kwa kila kilo ya uzani kwa saa 24. Mtoto wa kilo 3 hufikia mililita 180, gawa mara nane, ni kama mililita 22 kila saa tatu. Sukari ya damu ipimwe, kwani mtoto aliyelegea, baridi na asiyekula hushuka sukari haraka. Ulegevu huu kwa wengine huisha kwa siku mbili, kwa wengine huchukua majuma.

Upo upande wa pili wa shilingi hiyo, nao huchelewa. Mtoto aliyezoea dawa tumboni huanza kuitafuta inapoisha mwilini. Kwa diazepamu dalili zaweza kungoja mpaka wiki ya pili au ya tatu, mama ameshatoka hospitali zamani. Mtoto anatetemeka akiguswa, anajikaza, analia kwa sauti kali ya juu isiyobembelezeka, ananyonya kwa pupa kisha anatapika, anaharisha. Nyumbani mavyaa atasema ni chango, jirani atasema kapigwa jicho, maji ya shamari yatachemshwa. Hatuwalaumu, hawakuambiwa. Lakini mtoto huyo hahitaji shamari, anahitaji chumba chenye giza na kimya, kuvikwa kwa kukazwa kidogo, maziwa ya mama kidogo kidogo mara nyingi, na daktari wa watoto. Akianza kustukastuka kwa mitukutiko hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, hata kama ni kungoja feri ya Likoni.

Kinachotuumiza zaidi ni mama anayesikia habari hizi akaenda nyumbani akatupa tembe zote chooni. Ametumia alprazolamu mwaka mzima, anaacha siku moja. Kwa dawa zinazotoka mwilini haraka, siku ya pili tu mikono inatetemeka, moyo unakimbia, hapati lepe la usingizi, na anaweza kuanguka kwa mitukutiko. Kwa diazepamu hilo huja baadaye, pengine baada ya wiki, na hapo hakuna anayelihusisha na tembe. Akianguka na mimba ya miezi minane, wodi itadhani ni kifafa cha mimba.

Kupunguza ni kwa ngazi, chini ya daktari. Mwongozo wa kawaida ni kutoa asilimia 5 hadi 10 kila wiki mbili hadi nne, na isizidi asilimia 25 kwa wiki mbili. Aliye kwenye miligramu 10 za diazepamu ashuke hadi 9, na tembe zipo za kufanya hivyo: moja ya 5 na mbili za 2. Baadaye 8, yaani nne za 2. Kisha 7, moja ya 5 na moja ya 2. Mwili ukigoma asimame hapo alipo, ila asirudi juu bila kuonwa. Aliyeanza wiki ya 14 ana nafasi ya kufika mbali. Aliyekuja wiki ya 34 hatafika sifuri, na hakuna haja ya kumkimbiza. Lengo ni kushuka kadiri inavyowezekana na kuandika kwenye kitabu cha kliniki ili chumba cha kuzalishia kijiandae. Wapo pia ambao ugonjwa wao ni mkubwa kuliko tembe, na daktari ataamua waendelee kwa kipimo kidogo kabisa.

Bugizi, yaani tembe za kulevya zinazouzwa mitaani, haziingii kwenye hesabu hii. Huwezi kupunguza asilimia 10 ya kitu usichojua miligramu zake. Na wengi wanaozimeza huchanganya na heroini, pombe au tramadoli, na kila kimoja kinaongeza mwenzake katika kuzima pumzi ya mama na ya mtoto. Anayetumia heroini na bugizi akiwa mjamzito aende kliniki ya methadoni (dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini) ya Kisauni, aseme vyote viwili. Akificha bugizi akapewa methadoni juu yake, yaweza kuwa ndiyo lala salama. Yupo na yule wa muguka, majani ya ukoo wa miraa: anatafuna mpaka saa nane za usiku, kisha anatafuta tembe ya kushusha. Huyo dawa yake ni kuanzia kwenye muguka.

Kuhusu Piriton, tusitie chumvi. Tembe ya miligramu 4 kwa mafua au mwasho haijaonekana kuharibu uumbaji wa mtoto, na Phenergan hutolewa kwa kutapika kwa mimba. Tatizo ni mazoea ya kuzimeza kila usiku ili kulala, hasa wiki za mwisho, maana mtoto naye hutoka na usingizi. Kungumanga je? Ya kukwaruziwa kwenye tambi au maandazi haina neno. Ile ya kusagwa kijiko kizima ndani ya maziwa, ambayo wazee huisifia kwa usingizi, ni sumu kwa wingi: kuanzia gramu 5 hivi mtu huanza kuona mauzauza, moyo kwenda mbio na kutapika. Mjamzito aiache kwenye tambi.

Kuna kukosa usingizi ambako si kwa kupewa chochote, ni kwa kupimwa. Mimba imepita wiki ya 20, kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli, tumbo la juu linabana, uso umevimba: hiyo ni presha mpaka ithibitike vingine. Ikifika 140 kwa 90 ni hospitali, na ikifika 160 kwa 110 usirudi nyumbani hata kuchukua nguo. Tembe ya usingizi hapo humlaza mama juu ya moto. Hata mitukutiko ya kifafa cha mimba ikianza, dawa ya kwanza ni magnesiamu salfeti, si diazepamu. Jaribio kubwa la kimataifa la mwaka 1995 lilionyesha kuwa waliopewa magnesiamu walirudiwa na mitukutiko kwa asilimia 52 chini ya waliopewa diazepamu. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 polepole kwenye mshipa na gramu 5 kila tako, na kabla ya kila dozi inayofuata huangaliwa pumzi, mkojo na goti kama linaruka likigongwa. Diazepamu hubaki ya pale magnesiamu ilipokosekana.

Kwa wengi waliobaki, usingizi hukatika kwa sababu ya kawaida kabisa, na inatibika bila famasi. Kiungulia: pilau la usiku liliwe muda wa saa tatu kabla ya kulala, mto wa pili uwekwe kichwani. Miguu inayochezacheza kitandani mara nyingi ni damu iliyo chini. Pima damu, na zile tembe za madini ya chuma za kliniki zisimezwe na chai, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Kahawa chungu ya jioni, hata vikombe vile vidogo, vitatu vinne vyatosha kumkesha mtu. Joto la kaskazi, Januari hadi Machi, halina dawa ila kuoga kabla ya kulala, dirisha na feni. Huzuni au hofu isiyoisha wiki mbili ni ugonjwa na ina tiba yake, nyingine zikiwa salama zaidi kwa mimba kuliko "pam" yoyote. Mueleze nesi wa kliniki hivyohivyo ulivyo.

Siku ya uchungu, beba pakiti au bahasha yenyewe, hata ikiwa tupu. Mwambie anayekupokea: nilimeza hii, kiasi hiki, ya mwisho saa ngapi. Ukiona haya mbele ya mavyaa au wifi aliyekusindikiza, omba atoke nje kidogo, mkunga atakuelewa. Kama bado unatumia baada ya kuzaa, uliza kuhusu kunyonyesha: diazepamu hujilimbikiza kwenye maziwa, lorazepamu hupita kidogo zaidi. Mtoto akishindwa kuamka kunyonya, au uzani wake usipopanda, arudishwe. Na usiku uliomeza tembe, mtoto alale kwenye kitanda chake kando yako, asilale ubavuni mwako, kwa sababu ukimgeukia hutajua.